Nyambizi Tatu za Ziwa Michigan: Uende Chicago, Manitowoc au Muskegon?

Ziwa Michigan ni maji yasiyo na chumvi, mbali kabisa na bahari zilizopiganiwa kati ya 1939 na 1945. Hata hivyo ukilizunguka utakuta nyambizi tatu za vita hivyo, zote zimegeuzwa makumbusho: U-505 ya Wajerumani jijini Chicago, USS Cobia huko Manitowoc katika jimbo la Wisconsin, na USS Silversides huko Muskegon, jimbo la Michigan. Mtu anayeishi Milwaukee au Grand Rapids, au aliyekuja kumtembelea ndugu Chicago kwa wiki mbili, mara nyingi ana nafasi ya kwenda moja tu. Anauliza ipi ni bora. Mimi humrudishia swali: unakwenda na nani, na unataka kusimuliwa au kupitapita mwenyewe?

Nitazipima kwa mizani moja. Kwanza ni kufika kwenyewe na gharama yake. Pili ni namna ya kuingia, maana nyambizi haikujengwa kwa ajili ya wageni. Tatu ni kinachoonekana ukishakuwa ndani, nne ni historia ya kila chombo. Mwisho ni hao ulioandamana nao ambao hawajali vita wala injini: watafanya nini wakati wewe unakodolea macho valvu? Bei sitaziandika kwa sababu hubadilika kila msimu.

Kufika na gharama

U-505 haihitaji gari. Imo ndani ya Griffin Museum of Science and Industry, makumbusho ambayo watu wengi wa Chicago bado wanayaita MSI kama zamani, upande wa kusini wa jiji kando ya ziwa. Treni ya Metra Electric inakushusha kituo cha 55th-56th-57th Street, unamalizia kwa miguu. Ila kuna jambo linalowakwaza wageni: tiketi ya kawaida inakupa ukumbi mzima wa U-505, unaizunguka nyambizi kwa nje na kutazama kila kilichowekwa pembeni, lakini kuingia ndani yake ni tiketi ya ziada yenye saa yake. Siku za likizo nafasi hizo huisha mapema. Usifike saa nane mchana siku ya Jumamosi ukitegemea bahati.

Manitowoc iko kilomita 130 hivi kaskazini mwa Milwaukee, na kama 270 kutoka Chicago. Hapo gari ni lazima, au ndugu mwenye gari. Muskegon ni kilomita 65 tu kutoka Grand Rapids, kwa hiyo ndugu zetu wengi wa Kongo wanaoishi pale ni jirani zake wa karibu. Kutoka Chicago ni mwendo wa kama kilomita 300 kuzunguka ncha ya kusini ya ziwa, tena saa zinabadilika njiani: Chicago ikiwa saa nne asubuhi, Muskegon tayari ni saa tano. Watu wamekuta mlango unakaribia kufungwa kwa kusahau hilo.

Njia nyingine ni kukata ziwa. Feri ya kasi ya Lake Express inatoka Milwaukee hadi Muskegon kwa saa mbili na nusu hivi. Nayo SS Badger, meli ya mvuke inayochoma makaa ya mawe, inatoka Manitowoc hadi Ludington kwa saa nne, na kutoka Ludington hadi Muskegon ni chini ya kilomita 100 kwa gari. Zote mbili ni za msimu. Majira ya baridi hazipo.

Neno moja kuhusu Cobia na Silversides: zinaelea. Chombo cha chuma kinachokaa majini lazima kitolewe mara mojamoja kikafanyiwe matengenezo ya tumbo lake, na kikitolewa kinaweza kukosekana kwa muda mrefu. Tazama tangazo la makumbusho kabla ya kujaza mafuta.

Mlango, ngazi na mwili wako

Hapa ndipo uamuzi mwingi unapofanyika, hata kama watu hawaufikirii mapema.

U-505 ndiyo rahisi kuingia. Ilipoletwa Chicago mwaka 1954 ilitobolewa milango ubavuni ili wageni wapite, kwa hiyo hupandi wala hushuki ngazi kali. Ukumbi unapitika kwa kiti cha magurudumu. Ndani ni habari nyingine: njia ni nyembamba, kuna mahali pa kuinama, na mnaingia kikundi mkiongozwa na mtu mmoja. Hilo la kikundi lina uzito wake. Mwenye hofu ya mahali finyu akishikwa na pumzi katikati, mbele yake kuna watu na nyuma yake kuna watu.

Cobia na Silversides ni ndugu wa tumbo moja, zote za aina ya Gato, hivyo mambo ya mlango yanafanana. Unaanzia kwenye sitaha, juani au kwenye upepo, kisha unashuka ngazi ya mwinamo mkali. Kutoka hapo kila chumba kinatenganishwa na kinachofuata kwa ukuta wa chuma wenye tundu la umbo la yai. Kizingiti chake kiko juu ya sakafu karibu na usawa wa goti, na ukingo wa juu unakukuta kwenye paji la uso. Namna ya kupita ni kutanguliza mguu mmoja, kuinamisha kichwa, kuvuta kiwiliwili, kisha kuuleta mguu wa pili. Mara ya kwanza utajikwaa au utagonga kichwa. Ukifika chumba cha injini utakuwa umeshapata mwendo. Mwenye baibui au gauni refu anapita vizuri tu, ila mkono mmoja utakuwa wa kuinua nguo na mwingine wa kushika chuma, kwa hiyo mkoba aubebe mwingine. Mtoto wa mgongoni ni tatizo kweli: kichwa chake kiko juu ya chako na huoni kinapogonga. Viatu viwe vya chini. Mzee akikwambia "nyie nendeni, mimi nitawangoja hapa nje", usimbembeleze.

Ndani unaona nini

U-505 ina urefu wa karibu mita 77, mirija sita ya topido na nafasi ya topido 22. Cobia na Silversides zina urefu wa mita 95, mirija kumi (sita mbele, minne nyuma) na topido 24. Ukisoma tarakimu hizo nyumbani tofauti haionekani kubwa. Ukiwa ndani ni kama kutoka chumba cha kupanga na kuingia nyumba ya ghorofa. Mmarekani alikuwa na kiyoyozi, mashine ya kugeuza maji ya chumvi yawe ya kunywa, majokofu, hata mashine ya aisikrimu. Mjerumani hakuwa na kiyoyozi. Unyevu ulitiririka kutani na vyakula vilining'inizwa popote palipopatikana mwanya. Wote wawili, hata hivyo, walilala kwa zamu, mmoja akitoka zamu analala palipokuwa na joto la mwenzake, na wengine vitanda vyao vilikuwa juu ya topido zenyewe.

Kinachoitofautisha U-505 ni kwamba unaiona nzima. Tangu 2005 imo kwenye ukumbi uliochimbwa chini ya ardhi, taa hafifu, na unatembea kandokando yake kuanzia puani hadi kwenye pangaboi. Tumbo, usukani, mirija, vyote viko wazi. Kwa zile mbili nyingine nusu ya chombo imo majini na hutaiona kamwe. Pembeni mwa ukumbi kuna topido zenyewe, mashine za Enigma zilizogeuza ujumbe kuwa mafumbo, na vitu vya mabaharia. Maoni yangu ni kwamba ukumbi huo unazidi safari ya ndani, ambayo ni fupi na huna nafasi ya kusimama ukatafakari kitanda kimoja. Kiongozi anasimulia, taa zinabadilika, milio ya mabomu inasikika, halafu mko nje. Wanaopenda kusimuliwa wanatoka wamefurahi sana.

Silversides ni kinyume. Unapita mwenyewe kwa mwendo wako. Unaweza kukaa robo saa nzima kati ya injini mbili za dizeli, ukivuta ile harufu ya mafuta ambayo miaka themanini haijaifuta, ukijaribu kukisia makelele yalikuwaje. Hakuna wa kukuharakisha, wala hakuna wa kukueleza kila swichi, kwa hiyo asiyesoma mabango atatoka na picha nyingi na maelezo machache.

Cobia inakaa katikati. Imetunzwa kwa mkono wa watu wanaopenda kitu kifanye kazi, si kionekane tu. Rada yake ya wakati wa vita imefufuliwa. Uliza unaponunua tiketi kama siku hiyo mnaingia na kiongozi au peke yenu. Pia familia inaweza kukodi na kulala humo usiku. Silversides nayo ina mpango wa kulaza vikundi, kama maskauti na wanafunzi. Watoto wa miaka kumi huona jambo hilo ni ajabu ya dunia. Mzazi mwenye mgongo mbaya atazame kwanza upana wa kile kitanda.

Historia ya kila moja

Tarehe 4 Juni 1944, siku mbili kabla ya majeshi ya Washirika kutua Normandy, kikosi cha meli za Marekani chini ya Kapteni Daniel Gallery kiliikuta U-505 katika Atlantiki, si mbali na pwani ya magharibi ya Afrika. Mabomu yaliilazimisha kuibuka. Mabaharia wake waliacha maji yaingie ili izame, wakajitosa. Hapo Luteni Albert David wa meli ya USS Pillsbury na wenzake wakaingia ndani ya chombo kinachozama, wasijue kama kimetegwa, wakayazuia maji na kubeba vitabu vya siri pamoja na mashine za Enigma. Wanamaji wa Marekani walikuwa hawajateka manowari ya adui katikati ya bahari tangu vita vilivyoanza 1812. Mjerumani mmoja alikufa, 58 walitekwa.

Baada ya hapo kazi ikawa ni kunyamaza. Ujerumani ikijua, itabadilisha mafumbo yake yote. Nyambizi ikavutwa hadi Bermuda, wafungwa wakafichwa kambini Louisiana, na jamaa zao nyumbani wakaamini wamekufa. Vita vilipokwisha ingeweza kulipuliwa kwa mazoezi kama vyombo vingi vilivyotekwa, lakini Gallery alikuwa mwana wa Chicago na mji ukachangishana fedha kuileta. Kwa kisa kimoja cha kukutoa jasho, hakuna kati ya hizi tatu inayoifikia.

Kwa kazi ya vita, Silversides inaziacha mbali. Ilikabidhiwa jeshini tarehe 15 Desemba 1941, siku nane baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, ikaenda doria 14 katika Pasifiki na kuhesabiwa meli 23 ilizozamisha, zaidi ya tani 90,000. Kati ya nyambizi za Marekani zilizobaki hadi leo hakuna yenye rekodi kubwa kuliko hiyo. Kisa ambacho wageni hukumbuka, hata hivyo, si cha topido. Desemba 1942, wakiwa ndani ya maji ya adui, baharia mmoja alishikwa na kidole tumbo. Daktari hayupo. Mhudumu wa dawa, Thomas Moore, alimpasua juu ya meza ya maofisa kwa vifaa vya kuungaunga, vingine vya jikoni, na mgonjwa akapona akarudi kazini. Chumba hicho unakipita. Kipime kwa macho, kisha fikiria watu kadhaa wamesimama humo wakishika taa.

Cobia ilianza kazi Machi 1944, ikaenda doria sita. Pigo lake kubwa lilikuwa Julai 1944 ilipoizamisha Nisshu Maru, meli iliyobeba vifaru 28 vya Kijapani kuelekea Iwo Jima. Vifaru hivyo havikufika, na aliyepigana kisiwani humo Februari iliyofuata anaweza kuwa ameokoka kwa sababu hiyo bila kujua. Lakini Cobia haikujengwa Manitowoc. Ilijengwa Connecticut na kuletwa mwaka 1970 kuwakilisha nyambizi 28 ambazo mji huo mdogo uliziunda wakati wa vita. Hicho ndicho kisa cha hapa, na kwangu kinavutia kuliko doria zenyewe. Mto ni mwembamba, kwa hiyo nyambizi zilisukumwa majini kiubavu, zikatua kwa kishindo na wimbi kubwa. Zikajaribiwa ziwani, zikapitishwa Chicago kwenye mfereji chini ya madaraja, zikapakiwa juu ya gati linaloelea na kuteremshwa mto Mississippi hadi New Orleans, ndipo zikaonja chumvi.

Msomaji wa kwetu atayasoma mabango ya makumbusho haya kwa jicho lake. Februari 1944 SS Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo, imebeba mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na wanajeshi wengine. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika mbili hivi na karibu watu 1,300 wakafa. Katika vita vya nyambizi watu wetu walikuwa upande wa wanaowindwa. Ukienda na kijana wa shule, msimulie hilo kabla hamjashuka ngazi. Zile tani 90,000 za Silversides zitasomeka tofauti.

Wasiojali nyambizi

Chicago inashinda kwa wingi wa mambo, hilo halina ubishi. Jengo lenyewe ni la maonyesho ya dunia ya 1893, na ndani yake kuna ndege ya Boeing 727 imening'inizwa, treni ya Pioneer Zephyr na mgodi wa makaa ya mawe wa kuigiza. Watoto wa umri wowote watashinda humo. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba siku itakwisha, mtachoka, na nyambizi itakuwa imepewa saa moja tu.

Muskegon ina ufuo wa mchanga karibu na ilipotia nanga Silversides, na kiangazi wasiotaka chuma wanaogelea. Tiketi inajumuisha pia USCGC McLane, meli ya walinzi wa pwani iliyowahi kukimbizana na wasafirisha pombe enzi pombe ilipopigwa marufuku Marekani. Upande mwingine wa mji kuna LST-393, meli ya kushusha vifaru ufukweni, ambayo ina tiketi yake. Mpenda vita anaweza kumaliza siku nzima bila kutoka Muskegon.

Manitowoc ni mji mtulivu. Makumbusho yake yana meli ndogo za kuigiza na habari za uundaji wa meli, na nje unatembea kando ya mto. Barabarani, North 8th Street, kuna duara la shaba lililopachikwa mahali kipande cha setilaiti ya Kisovieti kilipoanguka mwaka 1962. Dakika tano zinatosha, lakini mtoto atalikumbuka.

Basi uende wapi?

Huna gari na una siku moja: Chicago. Nunua tiketi ya ndani kwa intaneti, chagua saa ya asubuhi, na ufike mapema upitie ukumbi kwanza ili ukiingia ujue unachokiona.

Una mama mkwe mwenye magoti mabaya: Chicago tena, lakini mnunulie tiketi ya kawaida tu. Ukumbi pekee utamtosha.

Una wanafunzi au wavulana wasiotulia: Silversides, kwa sababu hakuna kikundi cha kukisubiri na baadaye kuna ufuo wa kumaliza nguvu. Kama nia ni kulala ndani kama familia, si kama shule, ulizia Cobia.

Wewe ni fundi, au mtu wa meli, umewahi kufanya kazi bandarini Mombasa, Dar au Kalemie: nenda Manitowoc. Huko utakuta watu wa kuzungumza nao juu ya injini, na kisa cha mji uliounda nyambizi kwenye mto usiotosha hata kugeuza meli.

Unaogopa mahali finyu lakini hutaki kubaki nyuma: Silversides siku ya kazi asubuhi, wakati watu ni wachache. Kupita mwenyewe maana yake unaweza kurudi nyuma ulikotoka bila kumwomba mtu ruhusa.

Ni Januari: U-505 haijui majira. Zile mbili nyingine ni chuma ndani ya maji yaliyoganda, na saa za kufungua hupungua; piga simu, vaa soksi mbili.

Una siku mbili za kiangazi na unataka zote mbili za Gato: lala Manitowoc baada ya Cobia, panda SS Badger, shuka Ludington uelekee kusini. Weka nafasi ya gari kwenye feri mapema, na kumbuka kusogeza saa yako mbele ukiwa bado ziwani.